Farasi wa kweli ana shevo ngapi? Maswali ya kando ya ziwa, Goma

Ninatengeneza injini za mitumbwi karibu na Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Mtu akileta injini iliyokufa hawezi kwenda mbali. Anakaa juu ya bidoni, yaani dumu, ananiangalia nikifungua buloni, na baada ya dakika tano maswali yanaanza. Karibu yote yanazunguka neno moja, shevo, yaani ile CV au HP iliyoandikwa kwenye kofia ya injini. Vitabu vya Kiswahili vinasema nguvu farasi. Huku kwetu Kifaransa kilitangulia, tukabaki na shevo. Nimeandika hapa maswali yanayorudi mara nyingi, ili mtu asome kwenye simu nami nimalize kazi.

Papa, farasi mmoja wa kweli si ana shevo moja?

Inategemea unamtaka kwa muda gani. Akifanya kazi ya siku nzima, kuvuta jembe au mkokoteni tangu asubuhi hadi jioni, farasi mkubwa mwenye afya anatoa karibu shevo moja. Akiombwa atoe kila alichonacho kwa sekunde chache, anaweza kukaribia 15.

Hiyo 15 ilipimwa. Mwaka 1925, kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo la Iowa, Marekani, kulikuwa na mashindano ya farasi wa kuvuta mizigo, na mvuto wao ukapimwa kwa mashine. Karibu miaka 70 baadaye, 1993, watafiti wawili, Stevenson na Wassersug, walivirudia vipimo vile, wakapiga hesabu na kuandika barua fupi katika jarida la Nature: kilele cha farasi mmoja kilikuwa shevo 14.9. Hapo mnyama ameinamisha kifua, kwato zinachimba udongo, na muda si mrefu anasimama kutafuta pumzi.

Sasa angalia hesabu ya siku nzima. Kanuni ya wakulima wa zamani ilikuwa kwamba farasi avute kwa mvuto wa sehemu ya kumi ya uzito wake, kwa mwendo wa kilomita 4 hivi kwa saa, saa zisizidi 10 kwa siku. Chukua farasi wa kilo 680. Mvuto wake ni kilo 68, na mwendo ni mita 1.1 kwa sekunde. Zidisha: unapata 75 kasoro kidogo sana. Shevo moja, kama utakavyoona hapa chini, ni hiyo 75.

Kwa hiyo anayesema moja na anayesema kumi na tano wasigombane, kila mmoja ana saa yake mkononi. Maswali mengi yaliyobaki kwenye ukurasa huu, hata ya jenereta, yana ugonjwa huohuo: mtu ametajiwa namba bila kutajiwa muda.

Nani alikaa akampima farasi hadi akapata hiyo moja?

James Watt, fundi wa Scotland aliyezaliwa 1736. Watu wanasema ndiye aliyevumbua injini ya mvuke, na si hivyo. Thomas Newcomen alikuwa na yake tangu 1712, ikinyonya maji kwenye mashimo ya makaa ya mawe. Ilifanya kazi, ila ilikuwa mlafi wa makaa. Watt aliipunguzia ulafi. Kuanzia 1775 alishirikiana na mfanyabiashara wa Birmingham, Matthew Boulton, na namna yao ya kulipwa ningeiiga kesho kama wateja wangu wangekubali: mteja anafungiwa mashine, kisha kila mwaka anawalipa theluthi ya thamani ya makaa aliyookoa akilinganisha na mashine ya Newcomen.

Migodini hiyo ilienda vizuri. Lakini mwenye kiwanda cha pombe au cha kusaga nafaka hakuwa na mashine ya Newcomen ya kulinganisha nayo. Alikuwa na farasi wanaozungusha gurudumu. Swali lake lilikuwa fupi: mashine yako itaniondolea farasi wangapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1780 Watt akalazimika kumpa farasi namba.

Hesabu yake inaenea mgongoni mwa risiti. Farasi wa kinu alitembea kwenye duara, futi 12 kutoka katikati, kama mita 3.7. Alizunguka mara 144 kwa saa. Watt alikadiria kwamba anavuta kwa paundi 180, karibu kilo 82. Ukizidisha yote unapata kama paundi 32,500 zinazopandishwa futi moja kila dakika, naye akaifikisha 33,000 ili asibaki na mikia. Ndiyo hp ya mpaka leo, wati 746.

Wazo la kulinganisha mashine na farasi lilikuwapo kabla yake. Thomas Savery, aliyetengeneza pampu ya mvuke kabla ya Newcomen, aliandika mwaka 1702 kwamba mashine inayoinua maji sawa na farasi wawili wakivuta pamoja inachukua nafasi ya farasi kumi au kumi na wawili, kwa sababu farasi wanachoka na lazima wapokezane. Shimo la mgodi linajaa maji mchana na usiku, nalo halimsubiri farasi ale nyasi.

Kwa hiyo Watt alidanganya?

Kuna hadithi ya mpika pombe mmoja aliyetaka kumkomoa: akamchagua farasi wake mwenye nguvu kuliko wote, akamchapa siku nzima bila huruma, Watt akakubali kipimo hicho na bado mashine ikashinda. Inasimuliwa vizuri, ushahidi wake ni mwembamba.

Tunachojua ni kwamba wenzake walikadiria chini yake. Mhandisi John Smeaton alimpa farasi kama paundi-futi 22,900 kwa dakika, na Desaguliers, aliyemtangulia, alimpa 27,500. Watt ndiye aliyempa mnyama alama nyingi zaidi, na aliyefaidika ni mnunuzi, maana akiuziwa mashine ya farasi kumi hakuna siku atakayokuja kulalamika kwamba farasi wake kumi walikuwa wanaishinda. Muuzaji anayeongeza kwenye kipimo cha mteja! Soko zima la Birere sijamwona.

Nipe shevo moja kwa vitu ninavyovijua.

Chukua mtu wa kilo 75. Mfunge kamba, mpandishe mita moja kwa sekunde moja, uendelee hivyo bila kupunguza. Hiyo ni shevo moja ya Kifaransa, cheval-vapeur, wati 735 na nusu.

Unaweza kujipima nyumbani. Tafuta ngazi ya ghorofa moja, mita 3 kwenda juu. Mwenye kilo 70 akiipanda kwa sekunde 2.8 ametoa shevo moja kamili. Vijana wawili wa hapa walijaribu kwenye nyumba ya jirani, mmoja akafaulu, kisha akakaa chini kwa muda mrefu kuliko alivyopanda. Ndiyo maana ya sekunde chache.

Kwa upande wa maji: mama anayechota ziwani na kupanda na bidoni ya lita 20 hadi barabarani, mita 15 juu, kwa dakika tatu. Yeye ana kilo 60, bidoni 20, jumla 80. Anatoa karibu shevo 0.09, na sehemu kubwa ya hiyo inakwenda kubeba mwili wake mwenyewe. Pampu ya shevo moja ingepandisha maji hayohayo lita 5 kila sekunde kama isingepoteza chochote. Pampu za kweli zinapoteza. Tuseme nusu inapotea: bado unajaza bidoni moja kila sekunde 8.

Na mtu mwenyewe? Msukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ana shevo ngapi?

Mtu mzima mwenye afya, akipiga kazi kwa saa nyingi, ni kama sehemu ya kumi ya shevo. Kwa saa moja, mwanariadha aliyefunzwa anaweza kuzidisha hiyo mara tatu au zaidi. Kwa nukta moja ya muda, mambo ni mengine kabisa: wanafizikia waliochambua mbio za Usain Bolt za Berlin, 2009, zile za sekunde 9.58, walipata kilele cha wati 2,620 hivi, yaani shevo tatu na nusu, na alikifikia kabla hajamaliza sekunde ya kwanza. Farasi wa Iowa na Bolt ni hadithi moja, miili miwili.

Tuje kwenye chukudu, maana hili swali linaletwa na wenyewe, na wanataka jibu la heshima. Chukua chukudu yenye viazi, vyote pamoja na mbao kilo 250, wanaume wawili wanaisukuma kwenye mwinuko mdogo, mita 3 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde. Kuupandisha mzigo peke yake kunataka kilo 6 zipande mita moja kila sekunde, kabla hujahesabu msuguano wa magurudumu na mawe ya lava. Kila mmoja ana sehemu ya kumi ya zile 75, kwa hiyo wawili hao pamoja wana 15 za kutoa kwa siku nzima, na lazima wapandishe pia miili yao. Unaona inavyobana. Ndiyo sababu mwinuko ukizidi kidogo wanaita wa tatu, na wa tatu anataka makuta.

Ukigeuza uso kuteremka, mambo yanabadilika. Kutoka Kibumba kuja mjini, mtu amepiga goti juu ya mbao, mzigo na mwili na chukudu ni kilo 420, mteremko wa 5 kwa 100, kasi kilomita 30 kwa saa. Mlima unampa zaidi ya shevo mbili bure, na kazi yake ni kuzizuia. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Shevo mbili zinaishia kwenye kipande hicho, harufu yake unaijua.

Punda je? Ng'ombe?

Punda ni kama theluthi ya shevo, ng'ombe dume wa kulima ni nusu hadi robo tatu. Wote wawili kwa kazi ya saa nyingi.

Karatasi ya gari langu inasema CV 11, muuzaji alisema shevo 130. Nani mwongo?

Hakuna. Kwenye karatasi ni chevaux fiscaux, farasi wa kodi. Ni namba ya serikali kwa ajili ya kukuweka kwenye daraja la kulipia vignette, yaani kodi ya gari, inapigwa kwa kanuni yake, na haikuambii gari linavuta nini. Za muuzaji ni za injini.

Mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko sisi. Citroën 2CV iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948 ilibeba jina la farasi wawili, na hao walikuwa wa kodi. Injini yake ya sentimita za ujazo 375 ilitoa shevo 9. Hata 9 si nyingi, pikipiki nyingi za wamotari wa hapa, za 125, zinaipita.

HP, CV na kilowati zina tofauti gani?

HP ni ya Watt, wati 746. CV ni ya mita na kilo, wati 735 na nusu. Tofauti haifiki mbili kwa mia, isikusumbue. Ukiwa na kilowati, zidisha kwa 1.36 upate CV.

Kwa nini injini yangu ya 15 hapa Kivu haivuti kama ya ndugu yangu wa Kalemie?

Swali zuri, na mafundi wengi wanalijibu kwa kuuza kabureta mpya.

Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari. Tanganyika, ambako ndugu yako yuko, iko chini yetu kwa karibu mita 700. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na injini isiyo na tabo (turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa) inavuta pumzi ileile kwa ujazo lakini ndani yake oksijeni ni pungufu. Esansi, yaani petroli, bila oksijeni haiungui. Hesabu ya mkono ni kwamba unapoteza kama moja kwa mia kwa kila mita 100. Kwa hiyo injini iliyopimwa kiwandani karibu na usawa wa bahari, huku kwetu inatoa kama 13. Ile Land Cruiser ya mazuti (dizeli) ya lita 4.2 isiyo na tabo, ambayo mashirika yote wanayo, inatoka kiwandani na shevo kama 130, na ikifika Goma inafanya kazi na 112 hivi.

Kuna sehemu unayoweza kusaidia. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inamwaga esansi nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, moshi, kikohozi. Kupunguza kitundu cha esansi kunarudisha ulaini na kuokoa mafuta. Shevo mbili zilizopotea hazirudi zote, na fundi anayekuahidi kuzirudisha anakuuzia hewa ambayo Kivu haina.

Farasi naye akipandishwa mlimani anapungua, ila yeye ana ujanja ambao chuma hakina. Bandama yake inahifadhi akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu. Akianza kukimbia inajibana na kuzimwaga kwenye mishipa, na damu inakuwa nzito kwa chembe hizo kwa nusu zaidi ya alipokuwa amesimama. Moyo unaopiga mara 30 au 40 kwa dakika akiwa amepumzika unapanda hadi zaidi ya 220. Ni kama tabo inayofunguka yenyewe. Ndiyo inayombeba katika mbio za dakika chache, wakati anatoa shevo kadhaa kwa mfululizo.

Kofia imeandikwa 25. Nitajuaje kama ni 25 kweli?

Usisome kofia. Kofia ni plastiki, inafungwa kwa komeo moja, inauzwa peke yake.

Nasema hivyo kwa uchungu wangu. Nilipoanza kazi nilinunua injini ya mtumba iliyoandikwa 25, nikalipa bei ya 25, nikaifunga kwenye mtumbwi wa shemeji. Haikukataa kuwaka, haikuvuta tu. Siku tatu nilibadilisha plagi, nikasafisha njia za esansi, nikailaumu propela. Siku ya nne nilisoma kibati cha namba kilichopigiliwa kwenye mabano ya kufungia mtumbwini: ilikuwa 15 iliyovalishwa kofia ya dada yake. Muuzaji akaniambia yeye hakuiandika.

Soma kile kibati. Linganisha namba ya mfano na ujazo wa silinda. Kama kibati kimeng'olewa, hilo nalo ni jibu.

Jenereta yangu imeandikwa kilowati 3.5, lakini ikipata friji na pasi inazima. Imeibiwa nguvu?

Umesoma namba ya farasi wa Iowa. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna nyingine, labda 3 au 2.8, na hiyo ndiyo ya siku nzima. Ile kubwa jenereta inaweza kuitoa kwa muda mfupi, kusaidia mota ya friji kuamka, maana mota inapoanza inataka mara kadhaa ya inachotumia ikishazunguka. Ukiikalisha kwenye namba kubwa kwa saa nzima inapata joto na kuzima, au inaungua.

Halafu kuna kVA, kipimo kingine kinachoandikwa kwenye jenereta. Kwa vitu vyenye mota, zidisha kVA kwa 0.8 upate kilowati. Jenereta ya kVA 5 inakupa kilowati 4, shevo kama 5 na nusu, na injini inayoizungusha lazima iwe na zaidi ya hapo, kwa sababu ya hasara njiani na kwa sababu ya urefu wetu juu ya bahari tulioueleza. Kuhusu masanduku ya muziki yanayoandikwa wati elfu na kuchomekwa kwenye waya mwembamba kama uzi, sina la kusema, nina familia.

Gari ndogo ya kasi ina shevo 150, Fuso ina karibu hizohizo. Kwa nini lori la Fuso linapanda mlima wa Kabasha na tani zake, gari ndogo haiwezi?

Shevo ni mvuto ukizidishwa na kasi. Injini ya gari ndogo inapata zake kwa kuzunguka haraka sana na mvuto mdogo. Ya Fuso inazunguka polepole na kila mzunguko una mvuto mkubwa. Kwa karatasi zinalingana. Kinadharia ungeweza kuweka gia za kutosha kwenye injini ndogo ikavuta mzigo uleule kwa mwendo uleule, lakini ingekuwa inapiga kelele juu kabisa ya uwezo wake kwa saa tatu za mlima, na chuma chake hakikutengenezwa kwa maisha hayo.

Farasi wa Watt yuko upande wa Fuso. Kilo 82 za mvuto, mwendo wa mtu anayetembea, zamu nzima.

Farasi 130 wa kweli wangeweza kuishinda Land Cruiser?

Kuvuta? Wangeikokota kinyumenyume hadi Sake bila kutambua, mradi uwafunge wavute pamoja, na hapo ndipo kazi ilipo. Nchini Marekani, kwenye mashamba ya ngano ya magharibi, waliwahi kufunga wanyama zaidi ya 30 kwenye mashine moja ya kuvuna. Kamba zilikuwa elimu nzima, na mnyama wa mbele na wa nyuma hawavuti kwa nukta moja.

Kwa siku, hesabu inageuka. Farasi anafanya kazi saa 8 au 10, injini haichoki. Ukitaka kazi ya mashine ya shevo 10 usiku na mchana unahitaji zizi la farasi 30 wakipokezana, na kila mmoja anakula kama kilo 10 za nyasi kwa siku, hata Jumapili. Injini iliyozimwa hainywi kitu.

Kituo cha umeme cha Matebe kule Rutshuru, kilichofunguliwa Desemba 2015 na ambacho taa za nyumba nyingi za Goma zinakitegemea, kina megawati 13.6. Hiyo ni zaidi ya shevo 18,000. Kwa zamu tatu ni farasi 54,000 zizini. Sijui Masisi yote ingewalisha kwa wiki ngapi, tena ng'ombe wangelala njaa.

Kwa nini sisi hatuna farasi?

Sehemu kubwa ya Kongo ni ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana unaoenezwa naye unamwua farasi upesi. Huku juu mbung'o si tatizo, ila farasi angefikaje akiwa mzima? Na akifika, angekuta barabara za lava kali. Mimi mwenyewe farasi nimemwona mara moja maishani, Kampala, na alikuwa amesimama tu.

Nikiweka injini kubwa, naruhusiwa kupakia zaidi?

Hapana. Injini inasukuma, mbao ndizo zinazobeba. Mtumbwi uliojaa hadi maji yanakaribia ukingo utazama na 40 haraka kuliko na 15, kwa sababu unaingia kwenye wimbi kwa nguvu. Kwa mtu anayeng'ang'ania hili sifungi injini.

Mtoto wangu anauliza: tukifunga farasi 15 kwenye mtumbwi badala ya injini ya 15, tutafika Bukavu?

Mwambie mtoto kwamba farasi walivuta mitumbwi kweli, tena miaka mingi. Uingereza walichimba mifereji kati ya miji, pembeni ya maji wakaacha kinjia, na farasi mmoja akitembea juu yake na kamba ndefu alivuta mashua ya tani 30. Mmoja! Barabarani farasi huyohuyo angehangaika na tani moja au mbili. Maji yaliyotulia, kwa mwendo wa polepole, karibu hayakatai kitu.

Shida inaanza ukitaka haraka. Nguvu inayotakiwa kusukuma chombo majini inapanda karibu kwa mchemraba wa kasi: ukitaka mara mbili ya mwendo, andaa kama mara nane ya shevo. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye 15 kwenda 25 anarudi kwangu akinung'unika kwamba amelipa pesa nyingi na mtumbwi umeongeza mwendo kidogo tu. Hajaibiwa. Ziwa ndilo linalotoza hivyo.

Basi mtoto akichukua farasi mmoja, akamtengenezea kinjia kando ya Kivu kutoka hapa hadi Bukavu, maji yakatulia kama ya mfereji, mzigo wako wote utafika. Hata kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 100, kilomita 4 kwa saa, saa 25 za kutembea, na farasi lazima alale katikati, tuseme Kalehe. Shevo nyingine 14 ulizonazo nyuma ya mtumbwi unazilipia esansi ili ule chakula cha usiku Bukavu siku hiyohiyo.